Presha Yangu Iko Maabara

Itigi, Singida
Jumatano

Kwa Mhariri,
Jarida la Darubini ya Mwalimu

Ndugu Mhariri,

YAH: MAKALA YENU ILIYOINGIA JIKONI KWANGU NA KUTOKA NA VYOMBO

Pokea salamu za Itigi, mji wa treni na asali. Mimi ni bibi harusi. Najua shela tulisharudisha kule tulikokodi na ukumbi ulishafagiliwa, lakini mume wangu bado ananiita hivyo, hata akiwa anatafuta soksi, nami sijaona sababu ya kumkataza. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nalisema hili mapema ili usidhani unaandikiwa na mtu asiyejua maabara ni nini. Naijua. Ndiyo inayonionea.

Mume wangu ni Mwalimu Melkiori, anafundisha biolojia katika sekondari ya hapa. Ni mrefu, ana mwanya, na akicheka mimi husahau kama nimeshatia chumvi au bado, ndiyo maana chakula chetu huwa na chumvi mara mbili au hakina kabisa. Anakula chote. Anasema kimekolea. Mhariri, kama hujaoa, oa. Kama umeoa, nenda nyumbani mapema leo.

Sasa nieleze kilichonikuta. Jarida lenu lilifika shuleni wiki chache baada ya harusi yetu, likiwa na makala iitwayo "Vifaa vya Kufaa kwa Miradi ya Wanafunzi ya Biolojia ya Kubuni: Anza na Ulivyonavyo Nyumbani". Melkiori alirudi nayo kifuani kama mtoto aliyezawadiwa. Tulikaa mkekani tukichambua mchele, akanieleza kwamba biolojia ya kubuni ni kumpa kiumbe mdogo kabisa maelekezo mapya ya kazi, kama unavyompa fundi mchoro wa nguo. Wanafunzi wake wana klabu. Rafiki yake wa chuo kikuu amewapa hamira, hamira ile ile ya maandazi, ila hii imepewa maelekezo ya kutengeneza rangi ya chungwa iliyomo kwenye karoti, ile inayosaidia macho. Wanafunzi wanatakiwa waioteshe, waitunze hai, waone ni chakula gani kinaifanya iwe na rangi zaidi, kisha waende kuionyesha kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa. "Siku moja, bibi harusi," akaniambia, "mkate wa Singida utakuwa na rangi ya jua linalochomoza." Mimi nikalia kwa furaha, mchele ukamwagika. Tukaanza kuuchambua upya, na wala sikujali.

Sikujua kwamba yale maneno yenu, "ulivyonavyo nyumbani", yalikuwa yananihusu mimi. Kwa heshima kubwa naorodhesha malalamiko yangu.

1. SUFURIA YA PRESHA

Kwenye kicheni pati yangu, ile sherehe ya kina mama ya kumpa bibi harusi vyombo, mama mkwe alitoka Iguguno na sufuria ya presha. Aliinunua kwa alizeti yake mwenyewe. Hakuikabidhi kama watu wengine wanavyokabidhi, alicheza nayo. Aliiweka kichwani, akazunguka ukumbi mzima, akapiga magoti mbele yangu mbele za watu, akasema, "Mkwe wangu asihangaike na maharage, muda wake autumie kucheka na mwanangu." Mimi mama yangu mzazi alishatangulia mbele za haki nikiwa darasa la sita. Siku ile, yule mama aliponishika mikono yote miwili, nilisema moyoni, basi, nimepata tena.

Sikuwahi kuipikia, Mhariri. Niliiweka juu ya kabati na utepe wake mwekundu ili niitazame kwanza. Ninyi mkaandika kwamba sufuria ya presha hufaa kuchemshia vyombo vya maabara na uji wa kuoteshea hamira, maana joto lake huua kila kijidudu. Sawa. Lakini mkaongeza, tena kwa herufi nene: ikishaingia maabara, isirudi tena jikoni. Isirudi tena! Mnaandika kama watu wasio na wakwe.

Melkiori aliniomba kwa upole, akitazama chini, nami nikimtazama mwanya wake nikasema ndiyo. Ilikwenda shuleni na utepe wake.

Kesho yake alisimama mbele ya wanafunzi mstarini, akawaambia kwa sauti ya kufundishia, "Mke wangu ametupa presha yake. Presha ya mke wangu ni kubwa, ni ya lita saba. Ikipanda msikimbie, na msiishike mimi nikiwa sipo."

Mimi sikuwepo. Wazazi wa Itigi nao hawakuwepo. Walisimuliwa na watoto wao, na watoto, unawajua, walifika nyumbani na nusu ya habari: mke wa mwalimu ana presha kubwa, na mwalimu amekataza asiguswe.

Mchana ule jirani yangu Mama Chrispin aliingia na chupa ya juisi ya rozela, akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. "Bibi harusi wetu," akasema, "kunywa hii, na chumvi uache kabisa." Nikadhani anausema upishi wangu. Nikaona haya, nikaahidi nitajirekebisha. Baadaye wakaja wanakwaya. Wakaimba nyimbo mbili taratibu, mmoja akanishika kipaji cha uso akaomba ile presha itoke na isirudi tena. Nikasema amina kwa nguvu zote, kwa maana hata mimi ilikuwa inaniuma kwamba ilitoka na haitarudi. Walipoondoka waliibeba chumvi yangu yote, hadi ile ya mawe. Mwalimu Ezekieli wa hisabati alimwambia mume wangu, "Pole, ndugu. Wangu ilimwanza baada ya mtoto wa tatu, wewe yako imewahi."

Baada ya wiki chache habari ikafika Iguguno, ndipo mama mkwe akapiga simu. Nakuandikia mazungumzo yetu yalivyokuwa, uone mlichokifanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa kuhusu presha. Ni kweli?"

Nikajua ameambiwa zawadi yake imetolewa. Nikasema, "Ni kweli mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Si kosa lako. Tangu lini?"

"Tangu siku ya kicheni pati, mama."

"Mungu wangu! Siku ile ile niliyokuwa nacheza! Na Melkiori anajua?"

"Anajua, mama. Yeye ndiye anayeitumia."

"Anaitumia?"

"Na wanafunzi. Wanaipandisha kila wiki. Juzi ilipanda mpaka ikapiga mluzi, wakapiga makofi."

Mhariri, nilisikia kiti kikiburuzwa Iguguno. "Usile chumvi," akasema. "Usiiname. Usibishane na mtu. Jumamosi nakuja mwenyewe." Akakata.

Nilikaa na simu mkononi mpaka nilipoelewa, nikacheka nikagaragara, na nilipomaliza kucheka nikaogopa. Kwa sababu Jumamosi atashuka kwenye basi, amebeba dawa, atanikuta mzima wa afya, mashavu yamejaa. Atafurahi. Kisha atatazama juu ya kabati. Nitamwambia nini mama huyu niliyempata juzi tu? Kwamba zawadi aliyoipigia magoti nimeitoa kabla sijaipikia hata punje moja ya maharage? Hili ndilo linaloninyima raha. Mengine nayaandika kwa sababu nimeshashika kalamu.

2. HOTIPOTI, BLANKETI NA CHANDARUA

Mkaandika kwamba hamira hupenda joto la wastani, na asiye na kabati la kuoteshea atumie hotipoti lenye maji ya uvuguvugu, alifunike kwa blanketi. Hotipoti nililetewa na shangazi zangu wa Ikungi wakiwa wamevaa sare za kitenge. Blanketi ni la harusi, lile zito, lenye picha ya simba wawili. Sasa hamira inalala chini ya simba wawili na mimi nalala chini ya khanga. Usiku wa Itigi mwezi huu una baridi. Hata hivyo sitasema uongo, tumekaribiana zaidi kwa sababu hiyo.

Chandarua nacho mmekichukua. Mkasema vumbi ni adui, na kwamba kitambaa chochote chepesi huzuia upepo wakati wa kufungua visahani vya kuoteshea. Kwa hiyo mbu wanatula sisi na hamira wanaizunguka tu.

3. FRIJI

Rafu ya juu ni visahani. Rafu ya katikati ni visahani. Ya chini ni kabichi, na imeshaambiwa isogee. Kila kitu kina karatasi iliyoandikwa USILE kwa mwandiko mzuri wa mume wangu. Juzi nilikosa chakula cha mchana nikiwa mbele ya friji iliyojaa.

4. SIMU YANGU

Hapa mlijitahidi kuandika mambo ya maana. Mlitaja maktaba za bure za mtandaoni ambamo mwanafunzi anaweza kusoma maelekezo ya viumbe, na programu za bure za kuchorea mradi kabla ya kugusa kitu chochote. Mlisema ndivyo vifaa vya kufaa kuliko vyote, maana havivunjiki. Ni kweli havivunjiki. Vinakula bando. Bando nililonunua ili nimtumie Melkiori ujumbe wa mapenzi akiwa kazini linaishia kwenye hizo maktaba. Sasa akiwa kazini hanijibu, kwa sababu ujumbe hauendi: simu ninayo mimi, na bando analo yeye.

Mkasema pia kamera ya simu ikibandikwa kioo kidogo cha kukuza inaweza kufanya kazi ya hadubini. Amne, mwenyekiti wa klabu, msichana wa kidato cha tatu mwenye heshima sana, alikuja kuniomba simu akiwa ameshika mikono nyuma. "Shikamoo madamu, tunaomba simu kidogo tu." Ilirudi ikiwa imejaa picha za hamira. Picha za hamira ni nyingi kuliko za harusi yangu, na nasikitika kukuambia kwamba zimetoka vizuri zaidi.

5. MIMI MWENYEWE

Jumapili iliyopita nilikuta kisahani kimeandikwa WINFRIDA. Ndilo jina langu. Nikauliza. Melkiori akaona haya mpaka masikioni, akasema alitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba hata mkono safi una viumbe, akanikumbusha siku aliponishika mkono nikiwa nimetoka kuoga, akanigusisha kidole kimoja kwenye uji wa agari, ule wa kuoteshea. Ikaota bustani nzima, Mhariri. Madoa meupe, moja la njano, na moja la waridi pembeni. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kimefungwa gundi pande zote, akasema taratibu, "Nimeotesha mikono ya walimu wote. Hakuna aliyetoa la waridi."

Nani mwingine ameambiwa hivyo na mume wake? Nikae kimya vipi?

Lakini hebu tufikiri pamoja kwa makini. Makala inasema vifaa vya kufaa ni vile vinavyopatikana nyumbani. Mimi napatikana nyumbani. Kwa hiyo mimi ni kifaa cha kufaa. Na kama kifaa kikishaingia maabara hakirudi tena jikoni, basi mimi, ambaye kidole changu kimeshaingia maabara, sitakiwi kupika tena. Sheria ni yenu. Mimi naifuata tu.

Tuendelee. Presha niliyopewa mimi iko kwake, huyo maabara. Hotipoti langu liko kwake. Blanketi la ndoa analo, chandarua anacho, na jioni mume wangu anakaa naye mpaka mlinzi anazungusha funguo. Sisi tulifunga ndoa ya kanisani, mke mmoja. Naomba ulitaje mwenyewe jina la mtu anayechukua vyombo vya bibi harusi na jioni za mume wake. Kwetu anaitwa mke mwenza. Jarida la Darubini ya Mwalimu limemwozesha mume wangu mke wa pili, tena bila kunijulisha.

Na mimi simchukii huyu mke mwenza. Nilikwenda kumwona. Ana meza mbili, bomba lisilotoa maji, na kabati lenye mifupa ya panya wa tangu enzi za walimu waliostaafu. Nilimwonea huruma. Nikajiuliza, kwa nini mimi, msichana wa kidato cha nne, nilipoolewa nilipewa presha, friji, hotipoti mbili na vijiko vya kulisha kijiji, na yeye anayesomesha watoto wa watu wote hajapewa hata kijiko? Nikapata jibu papo hapo. Hajafanyiwa kicheni pati.

Umewahi kuona kamati ya harusi ikikosa mchango, Mhariri? Hata mtu asiyekujua anachanga. Anapigiwa simu, anakumbushwa kwa ujumbe, anawekwa kwenye kundi la simu bila kuulizwa, anachanga. Lakini mwalimu akiandika barua ya kuomba visahani vya maabara, barua inapigwa mhuri, inasafiri, inarudi na mhuri mwingine. Watu hatukukosa moyo. Tumekosa shela.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya:

(a) Mchapishe masahihisho yasemayo kwamba vifaa vya kufaa ni vile vinavyopatikana shuleni, na kwamba sufuria ya presha ya mke wa mwalimu irudi nyumbani kabla ya Jumamosi.

(b) Iundwe kamati ya kicheni pati ya maabara. Yenyewe ivishwe shela kuanzia kwenye paa, madirisha yapakwe wanja, sare iwe kitenge cha kijani. Mama Chrispin ameshakubali kuwa mshereheshaji. Kila mgeni acheze na zawadi yake kichwani: mizani, mirija, visahani, friji. Atakayekuja na bahasha tupu acheze peke yake.

(c) Bibi harusi hawezi kufanyiwa sherehe bila mume. Nimelitafakari hili sana nikikosa usingizi kwa mbu. Aliyeanza kuisifu maabara mbele za watu ni wewe. Aliyesema inahitaji nini na nini ni wewe. Maneno matamu yote uliyaandika wewe, kurasa nne, na picha. Kwa mila za huku hiyo inaitwa posa. Kwa hiyo tunakusubiri wewe, Mhariri, uje Itigi na wazee wako kuoa maabara yetu, ili kila mwanamke abaki na mume wake na vyombo vyake.

Naomba usikatae kwa kisingizio cha umri. Yenyewe pia si mdogo.

Nisalimie wachapaji, nisalimie aliyechora ile picha ya hotipoti, amechora vizuri, nisalimie nyumbani kwako wote wakubwa kwa wadogo, na kama una mke umwambie asijali, ni shauri la kazi. Melkiori anakusalimu pia. Hajui kama nakuandikia, lakini huwa anasalimu watu wote.

Ni mimi niliyependwa mpaka vidoleni,

Winfrida, Bibi Melkiori

N.B. Barua hii ilichelewa kutumwa, na mambo yamebadilika kidogo, kwa hiyo tafadhali usichapishe masahihisho yoyote.

Mama mkwe hakusubiri Jumamosi. Alifika Ijumaa asubuhi na mfuko wa rozela na dada yake wa kumshikilia mkono. Akanikuta nafua, nimeinama. Akapiga kelele. Nikamshika, nikamwambia kila kitu palepale kwenye beseni, mikono ina povu: kwamba mimi ni mzima, kwamba presha ni ile ya kwake, kwamba niliitoa bila kuipikia, kwamba nilimwogopa kwa sababu nilishaanza kumpenda kama mama. Akafunga khanga kiunoni, akasema, "Nipeleke niione."

Mhariri, tulipoingia mlangoni klabu nzima ilisimama. "Shikamoo bibi!" Kwa pamoja, mpaka mifupa ya panya ikatikisika. Amne akatangaza kwa heshima zake zote, "Huyu ndiye mama wa presha." Presha ikiwa mezani juu ya jiko, utepe bado uko kwenye mpini wake, ikapanda, ikapiga mluzi. Wakampa kisahani akishike. Hamira imebadilika rangi, Mhariri! Chungwa kabisa, kama ua la alizeti asubuhi! Mama akakigeuza huku na huku. Akauliza, "Hii imepikiwa humu kwangu?" Wakasema ndiyo. Akanigeukia, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Maharage hata chungu kinapika, mwanangu. Ingebaki kwako ningeamkiwa hivi na nani?"

Sasa tumekaa hapa tunashonesha fulana za maonyesho ya mkoa, na Iguguno nzima inajua kwamba yule mama ana presha shuleni. Amekataza isirudishwe kamwe. Blanketi libaki. Hotipoti la pili nimelipeleka mwenyewe. Ombi (c) liko palepale ukipenda.

Ila nina shida moja mpya, na hii ni kubwa. Mama ana presha yake inayomfanya aamkiwe, shangazi wana hotipoti zao, na kitu changu mwenyewe, nilichonunua kwa jasho langu kabla sijaolewa, ni cherehani ya miguu, na hakuna aliyeiomba. Nimeuliza, Melkiori anasema klabu haina mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi. Gurudumu la cherehani yangu linazunguka mpaka halionekani. Naomba katika toleo lijalo mwandike, kwa herufi nene kabisa, kwamba cherehani ni kifaa cha kufaa, na kwamba ikishaingia maabara isirudi tena. Fundi ameshakuja kuifungua.